Mitaa ndiyo inayoilisha Thailand

Mwaka 2019, kabla korona haijafunga mipaka, Thailand ilipokea wageni wanaokaribia milioni 40. Tanzania, pamoja na Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar yake, ilivuka milioni mbili tu mwaka 2024 ikashangilia, na haikukosea kushangilia. Ujirani unaeleza sehemu ya tofauti hiyo: Mchina, Mmalaysia na Mhindi wanafika Bangkok kwa saa chache na nauli ya kawaida. Lakini Kambodia na Laos zina majirani walewale. Tena hakuna hekalu Thailand linaloifikia Angkor ya Kambodia, na kwa mtafuta fukwe, Ufilipino na Indonesia zina visiwa kwa maelfu. Anayesema watu wanaifuata Thailand kwa sababu ya mahekalu na bahari ametaja vilivyomo kwenye mabango ya matangazo. Sababu yenyewe hajaigusa.

Mimi naona sababu ni miji. Mgeni akitua Dar es Salaam au Nairobi huhesabu saa zilizobaki kabla ya kuondoka kwenda mbugani au kisiwani. Jiji kwake ni usiku mmoja wa hoteli na foleni ya kwenda uwanja wa ndege. Bangkok ni safari kamili. Kampuni ya Mastercard ilipokuwa ikitoa orodha ya majiji yanayopokea wageni wengi wa kimataifa, Bangkok iliongoza miaka kadhaa mfululizo, mbele ya London na Paris. Na ukifuatilia wageni hao wanafanya nini kutwa, utakuta saa nyingi zinaishia barabarani: kula, kupanda chombo, kununua kitu ambacho hawakukipanga, kukaa kwenye kiti cha plastiki kutazama watu. Mtaa huo haukujengwa na wizara ya utalii. Ajabu ni kwamba serikali inayoutangaza ndiyo hiyohiyo iliyotumia miaka mingi kuufagia.

Tuanze na vile vya mabango, tuvimalize. Bangkok ilifanywa makao makuu mwaka 1782 na mfalme Rama wa Kwanza, upande wa mashariki wa mto Chao Phraya. Kasri Kuu na hekalu lake la Buda wa zumaridi, Wat Pho na Buda aliyelala mwenye urefu wa mita 46, Wat Arun ng'ambo ya mto: vyote viko karibu na vyote vinastahili. Nenda asubuhi jua halijakolea, na vaa nguo inayofunika mabega na magoti, la sivyo utarudishwa getini. Ukishamaliza hapo, panda mashua.

Mfereji wa Saen Saep ulianza kuchimbwa mwaka 1837 ili kupeleka askari na zana kuelekea vita vya Kambodia. Leo unapita migongoni mwa maduka makubwa na maghorofa, ukibeba wafanyakazi, wanafunzi na yeyote aliyechoka na foleni. Mashua yake ni ndefu, injini ina kelele, na haina subira: inagusa gati, wa kushuka wanaruka, wa kupanda wanaruka, imeondoka. Kondakta amevaa helmeti kwa sababu madaraja ni ya chini. Anatembea kwenye ukingo wa nje wa mashua, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine unakusanya nauli isiyofika baht 30, sarafu ya huko. Maji ni meusi na yananuka. Kwa hiyo waliokaa pembeni wana kazi isiyo na malipo: kila mashua nyingine inapokuja, wanavuta kamba na turubai la plastiki linapanda kuzuia michirizi, ikishapita wanalishusha hewa iingie. Hakuna anayetoa amri. Mzungu aliyepanda kwa mara ya kwanza anatazama jirani yake, anaona aibu, kituo cha pili naye anavuta.

Safari hiyo ya dakika chache inapita Ban Krua, mtaa wa Waislamu wenye asili ya Kichamu, kabila la Kambodia na Vietnam, ambao vitanda vyao vya kufumia ndivyo vilivyotoa hariri iliyompa Mmarekani Jim Thompson jina na fedha. Huyo ndiye yule aliyepotea katika milima ya Malaysia mwaka 1967 asionekane tena. Nyumba yake sasa ni makumbusho, ng'ambo tu ya mfereji, na watalii wanaojaa humo wengi hawavuki kwenda kuwaona wajukuu wa wafumaji. Mbele kidogo ni gati la Pratunam, na hapo mtu wa Kariakoo au Eastleigh hahitaji ramani. Hili ni soko la nguo za jumla: marobota, mizani, mikokoteni ya magurudumu, na wauzaji wanaopiga bei kwenye kikokotoo na kukusogezea ukipige wewe. Kabla Guangzhou ya China haijawa njia kuu, kizazi kizima cha wafanyabiashara wetu kiliijua Pratunam vizuri kuliko Kasri Kuu, na Kenya Airways kwa miaka mingi imekuwa ikiunganisha Nairobi na Bangkok kwa sababu ya watu wa namna hiyo kama ilivyo kwa watalii. Takwimu za utalii huwahesabu pamoja, ingawa mmoja kaja kutumia na mwingine kaja kutafuta.

Wapangaji miji hupenda kusema Bangkok iliokolewa na treni ya juu, ile BTS iliyofunguliwa tarehe 5 Desemba 1999. Ni kweli nusu. Kabla yake foleni za jiji hilo zilikuwa kisa duniani kote, na jaribio lililotangulia, mradi wa Hopewell, liliishia kuacha safu za nguzo za zege zisizobeba kitu kwa miaka. Lakini treni inakufikisha barabara kuu tu. Bangkok imekaa kwa vichochoro virefu, soi, vinavyotoka barabara kuu na mara nyingi havitokei upande wa pili. Kipande hicho cha mwisho kinamalizwa na bodaboda wenye vizibao vya rangi ya chungwa vyenye namba, waliopanga foleni mdomoni mwa kila soi, na bei ya kila nyumba inajulikana. Treni, mashua, bodaboda, bajaji, miguu: mgeni anaweza kuishi wiki nzima bila kumtegemea dereva wa hoteli. Uhuru huo ni kivutio kisichopigwa picha.

Chakula ndicho kinachopigwa picha. Papai bichi linapondwa kwenye kinu pamoja na pilipili, ndimu na kamba wakavu mbele ya macho yako. Tui la nazi limo kwenye mchuzi na kwenye wali mtamu unaoliwa na embe, kwa hiyo mtu wa pwani hapati shida kuelewa wanachokusudia. Mwaka 2017 ulieleza mambo yote. Mwezi wa nne zilitoka habari kwamba mamlaka ya jiji inawaondoa wauza chakula wote wa barabarani kwa jina la usafi na nidhamu, kazi iliyokuwa imeanza kimyakimya baada ya jeshi kutwaa madaraka mwaka 2014. Dunia ikapiga kelele, na wakubwa wakarudi nyuma nusu hatua: Yaowarat, mtaa wa Wachina, na Khao San, mtaa wa wabeba mabegi, vitaachwa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo Michelin, kampuni inayoipa migahawa nyota, ikatoa kitabu chake cha kwanza cha Bangkok na kumpa nyota Jay Fai, mama anayepika mwenyewe kwa mkaa, macho amefunika kwa miwani ya kuteleza kwenye theluji, chimanda chake cha kaa kikiwa maarufu kuliko sahani nyingi za hoteli za nyota tano. Kwake sasa ni foleni ya saa nyingi na bei ambayo jirani yake hawezi kuilipa.

Waliohifadhiwa ni wale ambao mtalii anawajua. Mama aliyekuwa akiwauzia makarani kifungua kinywa pembeni mwa kituo cha basi, ambaye hakuna kitabu cha safari kilichomtaja, aliondolewa bila mtu kupaza sauti. Dar es Salaam tuliyaona yetu Oktoba 2021, wamachinga walipohamishwa kutoka kandokando ya barabara, na hoja zilikuwa zilezile, hata maneno yalikaribia kufanana: usafi, njia za waenda kwa miguu, sura ya jiji. Sisemi hoja hizo hazina uzito, maana njia ya miguu isiyopitika ni kero, hasa kwa mlemavu. Nasema kwamba Bangkok ina bahati ya kujua mtaa wake una thamani gani kwa fedha taslimu za kigeni, na bado ilikaribia kuuvunja. Jiji lisilojua thamani hiyo litasitia lipi?

Nje ya mahekalu na masufuria, kuna Bangkok ya hospitali. Sukhumvit Soi ya 3, mtaa wa Nana, kuna Bumrungrad, hospitali binafsi iliyofunguliwa mwaka 1980 ambayo imegeuka kuwa sababu ya safari kwa familia kutoka Oman, Kuwait, Qatar na Falme za Kiarabu. Vichochoro vinavyoizunguka vina mabango ya Kiarabu, migahawa ya halali, mishkaki na shisha hadi usiku wa manane. Usishangae kusikia Kiswahili cha Muscat kwenye meza ya jirani, mgonjwa kalala ghorofani na ndugu wamekuja kumsindikiza. Waislamu wa Thailand ni wachache, kama asilimia tano ya watu wote, lakini nembo ya halali iko dukani kila kona, na jambo hilo peke yake limewaleta wageni ambao miji mingine ya eneo hilo imewapoteza.

Sasa niende Chanthaburi, ambayo haimo kwenye orodha ya majiji makubwa, wala mtalii wa kawaida hafiki. Mimi naiweka juu kwa sababu yetu. Iko kusini-mashariki, kama kilomita 245 kutoka Bangkok, na kwa zaidi ya karne imeishi kwa yakuti. Yakuti zake zenyewe zimekwisha. Kilichobaki ni mikono na macho: mafundi wa kukata na, zaidi ya yote, mafundi wa kuyapika mawe kwenye tanuri ili rangi ifunguke. Tunduru, kusini mwa Tanzania, ilipofumuka kwa vito katikati ya miaka ya tisini, wanunuzi Wathai walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika na tochi zao, na mawe yakaanza safari ya kwenda Bangkok na Chanthaburi. Spineli, vito vyekundu vya Mahenge, vilivyotikisa soko mwaka 2007 vilifuata njia hiyo. Yakuti za Madagaska na rubi za Montepuez, Msumbiji, vilevile.

Soko linakuwa mwisho wa wiki, kuanzia Ijumaa. Na linakwenda kinyume na ulivyozoea: mnunuzi ndiye anayekaa. Anakodi meza, anaweka mizani, koleo na taa, wengine wanabandika kikaratasi cha kueleza anatafuta jiwe gani, rangi gani. Wauzaji na madalali ndio wanaozunguka, wakifungua vifurushi vya karatasi iliyokunjwa. Mnunuzi anamwaga mawe kwenye sahani, anachambua kwa ncha ya koleo, anataja bei. Ikikaribia kukubalika, kifurushi kinafungwa kwa utepe na bei inaandikwa juu, dalali anakimbia nacho kwa mwenye mali, na hakuna ruhusa ya kumwonyesha mwingine hadi jibu lirudi. Waafrika wamo, hasa kutoka Guinea na nchi nyingine za magharibi, wengine wameoa na kuweka maskani huko. Watu wa nchi ambazo mawe yanachimbwa, yaani sisi, ni wachache. Mtalii akipita anapiga picha mbili na kwenda kulitazama kanisa kuu la Kikatoliki, kubwa kuliko yote nchini humo. Mtu wa Tunduru angesimama hapo asubuhi nzima akihesabu jiwe limepanda mara ngapi tangu liondoke kwenye ungo.

Ayutthaya iko kilomita themanini hivi kaskazini mwa Bangkok na wengi huiendea kwa treni na kurudi jioni. Ilianzishwa mwaka 1351, ikachomwa na majeshi ya Burma mwaka 1767, na magofu yake yamo kwenye urithi wa dunia tangu 1991. Kichwa cha Buda kilichobanwa na mizizi ya mti pale Wat Mahathat umeshakiona kwenye picha. Kisichoonekana kwenye picha ni kwamba huu ulikuwa mji wa bahari ya Hindi, wenye mitaa ya Wareno, Waholanzi, Wajapani na Waajemi, na kwamba Sheikh Ahmad, mfanyabiashara wa Kiajemi, alifika hapo mapema karne ya 17, akapanda vyeo, na uzao wake ukazaa mawaziri. Waliochimba magofu ya Kilwa walikuta vigae vichache vya Siam, jina la zamani la Thailand, katikati ya vile vingi vya Kichina. Tulikuwa kwenye njia moja ya pepo za msimu, wao mwisho huu na sisi mwisho ule.

Chiang Mai inapendwa kupita kiasi, na nasema hivyo nikiwa miongoni mwa wanaoipenda. Mfalme Mangrai aliijenga mwaka 1296 kuwa makao ya ufalme wa Lanna, na hadi leo mji wa kale umezungukwa na handaki la maji la mraba. Ndani yake ni mahekalu ya mbao, nyumba za wageni za bei ya chini na gulio la Jumapili jioni. Nje, mtaa wa Nimmanhaemin, ni vijana wenye kompyuta mpakato kwenye mikahawa ya kahawa. Serikali imewafuata: Julai 2024 ilianza kutoa visa ya miaka mitano kwa wanaofanya kazi kwa intaneti, mradi waonyeshe akiba ya baht laki tano. Chakula cha mji ni khao soi, tambi katika mchuzi wa tui na viungo, juu yake tambi nyingine zilizokaangwa zikauke. Huhusishwa na Waislamu wa misafara waliotoka Yunnan, ambao msikiti wao wa Ban Haw uko karibu na soko la usiku.

Hayo ni ya Novemba hadi Januari. Kuanzia Februari hadi Aprili mashamba ya mahindi na misitu huchomwa, Thailand yenyewe na ng'ambo ya mipaka ya Myanmar na Laos, mji umekaa bondeni, moshi hauna pa kwenda, na kuna siku Chiang Mai huongoza dunia kwa hewa chafu. Mlima wa Doi Suthep ulio kando ya mji unapotea kabisa. Wenye kompyuta wanahamia visiwani, muuza khao soi anabaki na barakoa. Mahindi hayo mengi ni chakula cha mifugo kinachoingia kwenye biashara kubwa ya nyama, kwa hiyo kumlaumu mkulima mwenye kiberiti peke yake ni uvivu wa kufikiri.

Pattaya nitaipita haraka. Kilikuwa kijiji cha wavuvi, vita ya Vietnam ikaleta askari wa Kimarekani wa kambi ya U-Tapao kuja kupumzika, na biashara iliyowafuata haikuondoka walipoondoka. Jitihada za kuibadilisha kuwa mji wa familia zimeleta mabwawa ya kuogelea na maduka makubwa. Usiku unabaki uleule. Ni mfano wa mji uliouza kitu kimoja hadi ukasahau kingine.

Kisiwa cha Phuket kingeweza kwenda njia hiyo, na ufukwe wake wa Patong umekwenda. Kilichokiokoa ni madini ya bati. Wachina wa Hokkien waliotajirika kwa machimbo walijenga kisiwani nyumba za maduka zenye baraza za matao na rangi za pipi, mtaa wa Thalang na jirani zake, na mji huo wa kale leo unampa mgeni sababu ya kutoka ufukweni. Kisiwa hiki na pwani jirani ya Phang Nga ndiko tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilikoua watu wengi Thailand, zaidi ya 5,000 kwa jumla. Wimbi hilohilo lilivuka bahari likaua hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Hat Yai, kusini kabisa, inaishi kwa Wamalaysia wanaovuka mpaka kula kuku wa kukaanga na kununua vitu. Mzungu haijui na yenyewe haina haja naye.

Kwa msafiri wa kwetu kuna jambo dogo linalowakwamisha wengi: kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Pale Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, abiria wa nchi zetu hupitia kwanza dawati la afya, ndipo uhamiaji. Ukinyoosha moja kwa moja kwenye foleni ya pasipoti utapangwa upya nyuma. Tangu Mei 2025 kuna pia fomu ya kuingia inayojazwa mtandaoni kabla ya safari.

Jambo kubwa ni jingine. Mwaka 2024 wageni walirudi hadi milioni 35 na nusu, kisha 2025 wakashuka kuelekea 33, na pengo kubwa liliachwa na Wachina. Januari 2025 mwigizaji wa Kichina, Wang Xing, alifika Bangkok kwa ahadi ya kazi, akasafirishwa hadi Mae Sot, akavushwa mpaka kuingia Myawaddy, Myanmar, kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Aliokolewa ndani ya siku chache. Tarehe 5 Februari Thailand ikakata umeme unaoenda maeneo hayo, na wiki iliyofuata likavushwa kundi la watu wapatao 260 waliokombolewa, zaidi ya nusu Waethiopia, pamoja na Wakenya na Waganda. Vijana wetu walikuwa wakipita njia hiyohiyo tangu angalau 2022, familia zikilia kwenye redio. Umeme ulikatwa watalii walipoanza kufuta tiketi.

Mwenye ahadi ya kazi Bangkok mkononi ajue kwamba visa ya kazi huombwa kabla ya kupanda ndege. Akiambiwa aingie kwa visa ya utalii, kwamba gari litamsubiri uwanjani, aulize gari hilo linakwenda wapi. Kutoka Suvarnabhumi hadi katikati ya Bangkok ni mwendo wa saa moja, foleni ikiwa mbaya ni mbili. Mae Sot ni saa saba au nane upande wa kaskazini-magharibi.